Sura ya Sita: Kabla ya Mkataba wa Kwanza

Mfanyakazi wa Tanzania Bara akiachishwa kazi isivyo halali, ana siku 30 za kufikisha lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, itambidi kwanza aombe kibali cha kufungua shauri nje ya muda na aeleze kwa nini alichelewa, na kusema hukuijua sheria si sababu inayopokelewa kirahisi. Madai mengine, kama mshahara uliokatwa au saa za ziada ambazo hazikulipwa, yana siku 60.

Tuseme kijana wa miaka 21 kapewa barua ya kuachishwa Ijumaa jioni. Wiki ya kwanza anaimaliza akitafuta mtu wa kumwombea msamaha kwa bosi. Ya pili anasubiri hasira zipoe, kwa kuwa nyapara amemwambia atulie, ataitwa. Ya tatu kodi ya chumba imefika, anaingia deiwaka kwenye saiti ya jirani ili apate hela ya kula. Ya nne ndiyo anakuja kusikia, tena kwa dereva wa bodaboda, kwamba kuna ofisi ya serikali inayosikiliza mambo hayo na haitozi ada. Anajiuliza atapeleka ushahidi gani wakati hakuwahi kupewa mkataba wa maandishi, anakata tamaa, anaacha. Hajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwishalifikiria hilo: mwajiri akishindwa kuonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, ni juu yake mwajiri kuthibitisha au kukanusha sharti ambalo mfanyakazi anadai walikubaliana. Kukosa karatasi, jambo lililomvunja moyo kijana, kisheria ni mzigo wa bosi wake.

Kijana huyu si mbumbumbu. Ana cheti cha ufundi stadi. Anajua elektrodi ipi inafaa kwa chuma cha unene gani, anasoma mchoro wa jengo, anaweza kukadiria gharama za geti kabla mteja hajamaliza kueleza analotaka. Kuna watu walikaa naye chuoni mwaka mzima au miwili wakamfundisha hayo yote kwa bidii. Ninachodai katika sura hii ni kwamba watu hao hao, katika karakana hiyo hiyo, ndio wenye nafasi ya kumfundisha haki za mfanyakazi, na kwamba hakuna wakati mwingine katika maisha yake utakaofaa kama ule. Muda unaotolewa na sheria ni mfupi mno kwa mtu anayeanza kujifunza siku alipofukuzwa.

Tanzania ina vyuo vya kutosha vya kufanyia kazi hii. Viko vya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, pamoja na vyuo vingi vya mashirika ya dini na watu binafsi vinavyofuata mitaala yake. Viko pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, zaidi ya 50, vilivyoanza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya watu wazima vya Sweden. Wanaosoma humo ni waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne, mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito, mafundi wa mitaani wanaotaka cheti. Wakitoka hapo wanakwenda viwandani, hotelini, kwenye gereji, kwenye saiti za ujenzi, mashambani na majumbani mwa watu. Kama kuna mahali tabaka la wafanyakazi wa nchi hii hupita kwa wingi likiwa bado limekaa darasani, ni hapo.

Humo wanafundishwa ufundi, hesabu, uchoraji, Kiingereza, stadi za maisha na ujasiriamali. Sina ugomvi na ujasiriamali. Lakini tazama mizani ilivyolala. Mwanachuo anajifunza kuandika mpango wa biashara ambayo huenda akaifungua baada ya miaka 10, wakati mkataba wa ajira ambao ataletewa asaini miezi michache ijayo unaguswa kwa mada ndogo, au mwalimu akipata nafasi. Sheria za kazi zinafundishwa kwa kina kwingine: Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Dar es Salaam, vyuo vikuu, kozi za rasilimali watu. Wahitimu wa huko ndio maafisa utumishi wa kesho, watu watakaokaa upande wa pili wa meza. Basi siku ya kusaini mkataba kuna mmoja aliyeisoma sheria miaka mitatu, na mwingine ambaye hajawahi kuiona. Serikali imegharamia elimu ya wote wawili.

Hali haikuwa hivi siku zote, na historia yake inafaa kusimuliwa kwa sababu ni yetu na inasahaulika.

Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ulipanda reli hadi miji ya bara. Mombasa, Januari ya mwaka huo huo wa 1947, mji mzima ulisimama, na jina la kiongozi wa wafanyakazi, Chege Kibachia, likajulikana kila kona. Watu wale hawakuwa na chuo. Walijifunza kwa kuumia, kila mgomo ukawa somo la mgomo uliofuata. Ilipofika mwaka 1955 Tanganyika ilikuwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, katibu mkuu wake kijana aitwaye Rashidi Kawawa, na swali la elimu likaanza kuulizwa wazi: nani atawafundisha viongozi hawa uhasibu, uendeshaji wa mikutano, na namna ya kujadiliana na mwajiri mwenye mwanasheria?

Jibu la kwanza lilitoka ng'ambo. Oxford, Uingereza, kulikuwa na Chuo cha Ruskin, kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, na waanzilishi wake wawili, Charles Beard na Walter Vrooman, walikuwa Wamarekani. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alisoma hapo mwaka 1955 na 1956. Ni chuo chenye kisa ambacho kila mwalimu wa elimu ya wafanyakazi angepaswa kukijua: mwaka 1909 wanafunzi wake waligoma kuhudhuria mihadhara wakimtetea mkuu wa chuo, Dennis Hird, aliyekuwa ameondolewa. Ndani ya ugomvi ule kulikuwa na hoja nzito. Wanafunzi walitaka kujua kama chuo kiko pale kumfundisha mfanyakazi kuielewa hali yake na ya wenzake, au kumwondoa mmoja mmoja mwenye akili katika kundi lake na kumfanya bwana mdogo. Hoja hiyo haijafa. Naiona kila mara chuo kinapojisifia mhitimu mmoja aliyekuwa meneja, bila kuuliza waliobaki wanalipwa nini.

Mwaka 1958 Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi lilifungua chuo chake Kampala, na wanachama wa vyama kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakapita humo. Mwaka 1961 chama cha TANU kikafungua Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya maji kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, kikiwa na Ruskin kama mfano. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Vyuo hivi vilifanya kazi kubwa, lakini vilikuwa vya viongozi. Kuli na mkata mkonge walisubiri kiongozi arudi awasimulie.

Kipindi ambacho maarifa yalimfikia mfanyakazi wa kawaida kilikuja mwaka 1971. Februari ile TANU ilitoa Mwongozo, kijitabu kifupi cha Kiswahili, na ndani yake ibara ya 15 iliyowakataza viongozi ubwana, dharau na ukandamizaji kwa walio chini yao. Huenda walioiandika hawakutegemea yaliyofuata. Wafanyakazi waliisoma ibara ile wakaitumia. Kwenye mikutano ya viwandani meneja alisomewa ibara ya 15 mbele ya uso wake. Migomo ilizuka mingi katika miaka miwili mitatu iliyofuata, mingi ikiwa juu ya kudhalilishwa kuliko juu ya shilingi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye mali wakaendesha uzalishaji wenyewe. Mwanazuoni Issa Shivji ameyaandika hayo kwa urefu, na serikali yenyewe haikupendezwa na kila kilichotokea. Mimi najali jambo moja katika kisa hiki: maandishi mafupi, ya lugha inayoeleweka, yakifika mikononi mwa watu wenye shida ileile wakayasoma pamoja, yanafanya kazi. Hakuna aliyehitaji shahada kuielewa ibara ya 15.

Mwaka huo wa 1973 agizo la Waziri Mkuu lilitaka mahali pa kazi paendeshe elimu ya wafanyakazi, na madarasa yakafunguliwa viwandani. Kusoma na kuandika kulifundishwa humo, ufundi pia, na siasa ya chama. Udhaifu ulikuwa unajulikana. Vyama huru vilikuwa vimevunjwa tangu 1964 na nafasi yao kushikwa na NUTA, chombo kilichoundwa kwa sheria na kufungwa kwenye kamba ya serikali, kwa hiyo mwalimu wa darasa la kiwandani hakuwa na uhuru wa kufundisha namna ya kumbana mwajiri ambaye ni serikali hiyo hiyo. Hata hivyo darasa lilikuwepo. Viwanda vya umma vilipouzwa au kufungwa miaka ya 1990, na watu kupunguzwa kazi kwa maelfu, madarasa yalikwenda navyo.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2004, na mwenzake Sheria ya Taasisi za Kazi. Kwa maoni yangu ni sheria nzuri. Ililinda uhuru wa vyama, ikaruhusu wafanyakazi 20 kusajili chama chao, na mwenzake ikaunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ili mnyonge asianzie mahakamani. Msiba wake ni kwamba ilizaliwa wakati hakuna tena anayefundisha. Taifa lilikuwa na madarasa ya wafanyakazi enzi ambazo haki zao zilikuwa chache, na lilipowapa haki nyingi likawa halina madarasa.

Huko Marekani vyuo vya jamii, ambavyo kwa hadhi na wanafunzi wake havipishani sana na vyuo vyetu vya ufundi, vingine vimekuwa na idara nzima za masomo ya kazi. Chuo cha Jiji la San Francisco ni kimoja, na Los Angeles Trade-Technical College ni kingine. Mwanafunzi wa ufundi anaweza kuchukua humo somo la historia ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2023 jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: lilipitisha sheria inayozitaka shule za sekondari kutenga wiki moja kila mwaka ya kufundisha haki za kazini, wiki ambayo ndani yake imo tarehe 28 Aprili. Tarehe hiyo kwetu si ngeni. Ndiyo Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) huiadhimisha hapa kila mwaka kwa maonyesho na hotuba. Siku tatu baadaye ni Mei Mosi. Sioni kwa nini wiki hiyo isiingizwe kwenye kalenda ya kila chuo cha ufundi nchini, ingawa wiki moja peke yake haitoshi.

Kinachotosha ni nini? Nianze na kilicho karibu zaidi na fundi, yaani hesabu.

Tuseme mhitimu wa uchomeleaji ameajiriwa kwa mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 12 jioni, anapumzika saa moja mchana, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mwalimu aandike hayo ubaoni aulize darasa: saa za ziada ziko ngapi? Siku ina saa 10 za kazi, wiki ina 60. Sheria inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Basi kila wiki kuna saa 15 za ziada. Thamani ya saa moja ni ipi? Jedwali la sheria linaelekeza mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha ugawanywe kwa saa za wiki. 390,000 kwa 4.333 ni takriban 90,000. Ukigawa kwa 45 unapata 2,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Kwa wiki ni 45,000. Kwa wiki nne ni 180,000.

Hapo darasa hunyamaza, kwa sababu wengi wao wana kaka au baba anayefanya saa hizo hizo na kupokea mshahara mtupu. Lakini somo halijaisha. Kwa wiki nne saa za ziada zimefika 60, wakati sheria inaruhusu zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kwa hiyo mwajiri huyo angekuwa na makosa hata kama angelipa kila senti. Mwanachuo aliyekokotoa hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kikokotoo kilekile anachopimia mabati, haisahau. Ukimpa kipeperushi chenye maneno "maximum hours" atakifungia maandazi.

Baada ya hesabu yafuate maandishi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Kama mfanyakazi haelewi yaliyoandikwa, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha anaelezwa akaelewa. Mikataba mingi bado huandikwa Kiingereza, na kijana anasaini ukurasa wa mwisho huku msichana wa mapokezi akimharakisha. Chuo kinaweza kumzoeza kusema. Zoezi lake ni jepesi: wanachuo wawili mbele ya darasa, mmoja bosi, mwingine fundi mpya.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Umeshasaini?"

"Bado bosi. Naomba nisaidiwe kuelezwa hiki kipengele cha saa za kazi, sijakielewa vizuri. Na kama inawezekana naomba nakala yangu niende nayo."

Halafu anayeigiza bosi afanye wanavyofanya mabosi: akasirike, acheke, aseme wapo wengine nje wanaoitaka kazi. Fundi ajibu bila kufoka na bila kurudi nyuma. Warudie mpaka sauti ya yule fundi iache kutetemeka. Mwanzo heshima na haki zitaonekana kugombana kinywani mwa kijana, kwa kuwa amelelewa asimbishie mkubwa. Zoezi likirudiwa anagundua vinakaa pamoja: anaamkia, anamwita bosi, na bado anaomba nakala yake.

Jambo la tatu ni daftari. Kila siku aandike saa aliyoingia, aliyotoka, kazi aliyopewa na aliyempa. Ujumbe wa bosi kwenye simu asiufute. Mshahara ukitumwa kwa simu, kama kwa M-Pesa, ujumbe ule unaonyesha tarehe, kiasi na mtumaji, na mbele ya msuluhishi una uzito. Wanachuo wa leo hawaachani na simu. Kuwaonyesha jinsi ya kuhifadhi picha ya ujumbe ni kazi ya dakika tano.

Usalama nao ufundishwe humo humo, kama haki na siyo kama tahadhari peke yake. Kila karakana ina bango la kuvaa miwani na glavu. Mwanachuo aambiwe na sehemu ya pili: kazini vifaa hivyo vinatolewa na mwajiri, havikatwi kwenye mshahara. Aambiwe kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Akikuta makato ya mfuko huo kwenye hati yake ya mshahara ajue ameibiwa. Aambiwe akiumia atoe taarifa mapema, maana ikipita miezi 12 bila taarifa dai linaweza kufa. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni tofauti: jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kuna watu wamekatwa miaka na fedha hazikufika. Njia ya kujua ni kuuliza salio mara kwa mara, na kuuliza kunafundishika.

Yako pia mambo machungu, na mwalimu asiyafiche. Mtu aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Mshahara wake wa siku alizofanya, notisi yake na cheti chake cha utumishi anavyo, lakini hawezi kudai kwamba sababu ya kumwachisha haikuwa ya haki. Ndiyo maana tarehe ya kuanza kazi ni ya kuandikwa na kutunzwa, na ndiyo maana fundi anayeondolewa mwezi wa tano na kuitwa tena baada ya wiki mbili anapaswa kuelewa anachofanyiwa. Na Zanzibar ina sheria zake za kazi, za mwaka 2005, kwa hiyo mhitimu wa hoteli anayevuka kwenda Nungwi au Paje hapaswi kudhani ya Bara yanamfuata.

Nimesikia pingamizi mbili kwa mpango huu, na zote zinasemwa na watu wa nia njema.

Ya kwanza ni ya walimu. Vyuo vinategemea waajiri wawapokee wanachuo kwa mafunzo kwa vitendo, na nafasi hizo huombwa kwa kubembeleza. Meneja akisikia chuo fulani kinafundisha "kudai", atawachukua wa chuo kingine. Hofu hii ni ya kweli, nami siipuuzi. Lakini kinachofundishwa ni sheria iliyopitishwa na Bunge, na sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi tamko la haki za wafanyakazi wake. Mwajiri anayeogopa wanachuo wasome kinachotakiwa kuwa ukutani kwake anatuonya kuhusu usalama wa watoto tunaowapeleka pale. Vyuo viungane, vyote vifundishe, na hapo hakutakuwa na chuo cha kukimbiwa. Kwa hiyo mtaala uwe wa taifa. Ukiachiwa ujasiri wa mkuu wa chuo mmoja mmoja, wachache watathubutu na wao ndio watakaoadhibiwa.

Ya pili ni ngumu zaidi. Ajira zenyewe ziko wapi? Wengi wataishia deiwaka, kwa malipo ya jioni, bila mkataba wala hati ya mshahara, na akidai leo kesho haitwi. Ni kweli, na hakuna somo la darasani linaloumba ajira. Kibarua anayejua sheria mara nyingi atanyamaza kwa sababu ana watoto wa kulisha, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Ila anayenyamaza akijua ananyamaza kwa muda. Anaandika tarehe zake, anatambua wenzake walio katika hali hiyo hiyo, na siku wanapofika wengi wa kutosha anajua pa kwenda. Haki nyingi za kazini hazidaiki na mtu mmoja kwa urahisi, na hapa ndipo vyama vinapohitajika.

Vyama vya wafanyakazi viingie vyuoni, TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hoteli na kazi za nyumbani, TAMICO kwa migodi na ujenzi. Kwa sasa vingi vinamkuta mfanyakazi akiwa ameshaajiriwa, vinamletea fomu ya TUF 6 asaini akatwe ada, na uhusiano unaishia kwenye fulana ya Mei Mosi. Chama kinachotaka wanachama watakaokaa nacho kijitambulishe kabla hakijawahitaji. Lakini kisiachiwe somo lote. Ofisa wa chama aje mara moja au mbili, msuluhishi wa Tume aje na fomu namba 1 ajaze nao, mkaguzi wa OSHA aje akague karakana ya chuo chenyewe mbele ya wanachuo. Siku zilizobaki somo libaki kwa mwalimu wa fani. Yeye ndiye anayeaminiwa. Akisema mwalimu wa uchomeleaji kwamba saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, darasa linalichukua kama linavyochukua maelezo yake kuhusu ampea za mashine. Na mwalimu huyo lazima naye afundishwe, kule Morogoro kwenye chuo cha walimu wa ufundi, kwa sababu wengi wao ni waajiriwa ambao hawajawahi kuusoma mkataba wao wenyewe.

Wanachuo wakirudi kutoka mafunzo kwa vitendo, chuo kisiwaulize walijifunza mashine gani tu. Tamko la haki lilikuwa limebandikwa wapi? Vifaa vya kinga vilitolewa na nani? Vibarua walilipwaje, na waliingia saa ngapi? Majibu ya wanachuo 30 kutoka sehemu 30 za kazi ni somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa, na baada ya miaka michache chuo kitakuwa na kumbukumbu za hali ya kazi katika mkoa wake ambazo hata idara ya kazi ingezitamani.

Limebaki kundi moja ambalo watu hulisahau wanapozungumzia haki za wafanyakazi vyuoni: wale ambao ujasiriamali wao utafaulu. Fundi anayefungua karakana yake Buguruni, Mabibo au Soko la Kilombero kule Arusha ataanza na saidia fundi mmoja, pengine mtoto wa dada yake au kijana aliyekuja kutoka kijijini kwao. Siku hiyo amekuwa mwajiri. Anamlipa anavyojisikia, anamwita usiku, anamchomesha bila miwani kama alivyochomeshwa yeye, na wala haoni kosa, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kazi. Somo la ujasiriamali lililomfundisha kutunza mauzo na mtaji lingeweza kumpa na ukurasa mmoja wa maelezo ya ajira wa kumjazia kijana wake: jina, kazi, tarehe ya kuanza, saa, mshahara. Ukurasa huo ujazwe darasani, kila mwanachuo ajaze wake akijifanya mwajiri wa mwenzake wa dawati la pili, wasaini wote wawili, na kila mmoja aondoke na nakala.